Matanga katika Kanisa la Zamani

Vulamba, Butembo, 6 Oktoba 2002

…na mlango wenyewe wa kanisa la zamani, Mama, ule ulioniuliza tulipokuwa tunakimbilia lori, ni uleule wa zamani! Dereva alipiga honi nikiwa na maneno yamejaa mdomoni, ukaondoka kabla sijakujibu. Ndiyo, ni ule wa mbao nzito ulioufahamu ukiwa msichana. Éphraïm wangu amepaka bawaba zake mafuta ya mawese ili usilie katikati ya mchezo wa kundi lake.

Wabukire, Mama yangu mpenzi. U mzima? Mgongo umeacha kuuma baada ya safari? Huku sisi wazima, na mimi ni zaidi ya mzima, kwa sababu nina mume! Naandika neno hilo na mkono unacheka. Asubuhi naamka kabla yake ili nimwangalie tu, hata akilala mdomo wazi. Usinicheke, na wewe ulikuwa bibi arusi.

Juma zima anafundisha Kifaransa shuleni, Jumamosi anakuwa mtu mwingine. Ungemwona juzi! Aliigiza baba mkwe mwenye tamaa, mto umefungwa tumboni, anadai mahari mbuzi juu ya mbuzi. Bibi mmoja akasimama nyuma akapiga kelele: «Ee baba mukwe, hata ile ya mwisho unataka? Utamukula na kamba yake!» Watu walicheka mpaka vumbi likaanguka kutoka dari. Mimi nilikaa mbele, nikiwaambia majirani kwa kiwiko: ni wangu huyo.

Mais bado watu hawajazoea kwamba si kanisa tena. Wanaume wanavua kofia. Akina mama wanapiga goti kuelekea pale ilipokuwa altare, kisha wanakumbuka, wanajifanya wameangusha kitu. Na lile bakuli la maji ya baraka lililojengwa ukutani karibu na mlango, sisi tunawekamo unga wa makaa wa kujipaka ndevu. Kila Jumamosi kuna mzee anachovya kidole bila kutazama, anafanya ishara ya msalaba, anakaa kutazama mchezo na paji jeusi. Hakuna anayethubutu kumwambia.

Kitu kimoja tu kilipunguka kwenye harusi yangu, nacho ni Salomon. Najua alipeleka chumvi na sabuni upande wa Mambasa, na biashara haina sikukuu. Mais kaka ni kaka! Aliahidi kurudi kabla ya siku ile. Akifika kwako, mwambie Bénie amekasirika, na hasira yake inataka pagne mpya ya kitenge.

Éphraïm anakusalimu sana. Amesimama nyuma yangu, anasema naandika jina lake mara nyingi mno.

Mtoto wako mwenye furaha,
Bénie


Beni, 20 Oktoba 2002

Mtoto wangu Bénie,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na mume wako. Mimi niko, mgongo ni uleule, nimeuzoea. Barua yako niliisoma mbele ya jirani yangu Tamar, tukacheka mpaka sufuria ya maharagwe ikaungua.

Usimkasirikie kaka yako. Kila siku watu wanaingia Oicha kutoka upande wa Mambasa, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Wengine wanafika mpaka hapa Beni, wanalala shuleni. Nakwenda kwao na chai, nawauliza kama wamemwona mtu mrefu, mwenye kuimba, na baiskeli ya chumvi. Wananiambia njia imefungwa. Donc, basi, amezuiliwa tu, atapita njia ikifunguka.

Nyumba hiyo unayoandika kama umeivumbua wewe, mimi niliibeba. Tulipokuwa wadogo, padri hakutufundisha katekisimu mpaka kila mtoto amepandisha jiwe kutoka mto Kimemi. Mama yangu alikanyaga udongo wa matofali akiwa na mimba. Mimi niliolewa humo. Salomon alibatizwa humo, akamlilia padri usoni, padri akasema huyu atakuwa mhubiri au mlevi.

Halafu tulikuwa wengi, likajengwa kanisa kubwa juu kilimani. Siku ya kuhama, padri alisoma sala, akaondoa jiwe la altare, akazima ile taa nyekundu. Akatuambia: sasa hii ni nyumba kama nyumba nyingine. Wanawake tulilia kama kwenye matanga, padri akashangaa. Baadaye wakaweka humo magunia ya maharagwe. Vita vya kwanza vilipokuja askari wakalala humo, wakapikia viti vyetu mpaka vikaisha. Nilipita siku moja nikaona moshi unatoka dirishani, nikageuza uso.

Kwa hiyo mwambie mume wako nimefurahi kwamba watu wanacheka humo. Ni bora kuliko moshi.

Mama yako,
Victoire


Vulamba, 17 Novemba 2002

Mama mpenzi,

Wabukire. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na joto la Beni halikuchoshi. Sisi tunanyeshewa kila siku, nguo hazikauki, mume wangu anakwenda shuleni na shati bichi na bado ni mzuri kuliko walimu wote. Nina jambo la kukueleza, sijui kama ni la furaha.

Jumamosi moja mwezi uliopita Éphraïm alikuwa anaigiza kijana anayerudi kutoka sokoni, mchezo wa kuchekesha. Alikuwapo Mama Godelive, yule anayeuza viazi vya Lubero. Mwanawe Phinées alikamatwa njiani na watu wenye silaha, yeye na baiskeli yake, tangu msimu wa mvua uliopita. Hajaonekana, wala mwili. Unajua ilivyo kwetu: bila mwili hakuna matanga. Ndugu walimwambia azike mgomba wa ndizi kama walivyofanya wazee, akakataa. Basi katikati ya kicheko akasimama.

«We mwalimu! Tembea tena.»

«Mama, mchezo haujaisha, kaa kidogo.»

«Nasema tembea tena. Ile kutembea ni ya mutoto yangu.»

Watu wakamvuta: «Mama Godelive, ni teatre tu!»

«Mi najua ni teatre. Munafikiri miye ni mujinga?»

Éphraïm akatembea. Akatembea tena. Mama Godelive akapanda jukwaani, akamwambia alale pale, mahali palipokuwa altare. Mama, alilala! Yule mama akaketi, akaweka kichwa chake mapajani, akampangusa uso kwa kitambaa, akaanza kusema naye. Alimlaumu kwa kuondoka bila kula. Alimweleza nani ameoa, nani amezaa. Mwisho akasema: «Sasa nimekuona. Enda.» Ndipo akapiga yowe, na ukumbi wote ukapiga pamoja naye. Kesho yake alinyoa nywele, majirani wakakaa matanga kwake mpaka yalipofungwa kwa desturi zote, na nguo za Phinées zikagawiwa. Koti alimpa Éphraïm.

Tangu siku hiyo familia zinakuja. Mchana wa Jumamosi, kabla ya mchezo, Éphraïm anawauliza: alicheka namna gani? Alipenda kuitwaje? Kisha analala pale, na wao wanalia kilio kilichokuwa kimewakaa kooni. Nampenda kiasi kwamba naogopa. Akiamka mikono yake ni baridi, naiweka kwapani mwangu mpaka ipate moto.

Salomon bado? Sisemi neno, Mama. Nasema tu kwamba mlango wa ukumbi uko wazi.

Mtoto wako anayekubusu,
Bénie


Beni, 1 Desemba 2002

Bénie,

Salamu. Niko mzima.

Mstari wako wa mwisho usiniandikie tena. Mwanangu si maiti. Anayemlilia mtu aliye hai anamfungia njia ya kurudi, hilo ulifundishwa ukiwa mtoto na umelisahau kwa sababu ya mapenzi. Juzi mwanamke kutoka Mambasa aliniambia aliwaona wanaume wanabebeshwa mizigo msituni, na mmoja alikuwa anaimba. Nani mwingine angeimba akiwa chini ya mzigo? Nilimpa yule mwanamke kitenge changu.

Mume wako ana moyo mwema, simkatai. Mais mwambie kwamba mtu anayelala kila Jumamosi kwa ajili ya wafu, siku moja wafu watamzoea.

Noeli njema kwenu. Salomon akifika tutakuja wote wawili.

Mama yako


Vulamba, 12 Januari 2003

Mama mpenzi,

Wabukire. Unaendeleaje na afya? Mimi naendelea vizuri. Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa kuandika. Kulikuwa na kazi nyingi.

Mvua imepungua kidogo. Maharagwe niliyopanda nyuma ya nyumba yameota, mbuzi wa jirani amekula mstari mmoja. Misa ya Noeli ilikuwa ndefu, na kwaya iliimba vizuri. Nimeshona pazia. Chumvi imekuwa ghali. Shule zimefunguliwa tena.

Sina jipya. Uwasalimu majirani, Tamar hasa. Funika mgongo jioni.

Mtoto wako,
Bénie


Beni, 19 Januari 2003

Mtoto wangu,

Nakusalimu. Mimi niko.

Tangu uolewe hujawahi kuandika ukurasa bila jina la mume wako. Hata uliponiandikia habari ya mvua, alikuwamo na shati lake bichi. Barua hii nimeisoma kutoka juu mpaka chini nikimtafuta, nikakuta mbuzi, pazia na chumvi. Nikampa Tamar asome, akasema: «Huyu mutoto anaficha kitu.»

Amekufa? Amekupiga? Kama si yeye, basi najua ni nani.

Niandikie. Usinipikie uji, meno ninayo.

Mama


Vulamba, 23 Januari 2003

Mama yangu,

Nakusalimu. Mwite Tamar aketi karibu nawe, kisha uendelee kusoma.

Éphraïm yu mzima, na hajanigusa ila kwa upendo. Nimeshindwa kuandika jina lake kwa sababu ningeanza naye ningefika mwisho, na mwisho sikuutaka.

Phinées amerudi. Phinées wa Mama Godelive, ambaye matanga yake yalifungwa. Alitokea siku chache baada ya Noeli, amekonda, miguu imevimba. Mama yake alikuwa anapanga viazi uani. Alipomwona alitupa viazi akakimbilia kwenye migomba akipiga kelele. Majirani wakafunga milango. Ndugu zake walisimama kizingitini wakamkataza kuvuka, wakisema mtu aliyeliliwa na kuagwa hawezi kuingia kwa miguu yake, huyo ni mzimu. Watoto walimtupia mawe, Mama. Ndipo, akiwa amesikia habari ya teatre, akaja kwetu tukiwa katika mazoezi.

«Wapi ile mutu aliyekufa mahali pangu?»

Éphraïm akainuka. «Ni miye.»

«Mi hapana kufa! Nani alikupa ruhusa ya kunikufia?»

«Mama yako.»

«Na sasa mama ananikimbia. Basi nirudishe! We ndiye ulinipeleka.»

Mume wangu alichukua lile koti kwenye nguo za mchezo, akamvisha, akamshika mkono, tukaenda naye sisi wote kwa Mama Godelive. Éphraïm akapiga magoti uani mbele ya watu, akasema: «Mama, siku ile mi nilikuwa napumua. Uliona kifua kinapanda. Mutoto yako hakuwa pale.» Mama Godelive alitoka taratibu, akamzunguka Phinées kama mtu anayenunua mbuzi. Akainama, akagusa miguu yake. Akasema: «Mufu hapana kunuka miguu namna hii.» Kisha akamwangukia, na sote tukacheka na kulia bila kujua lipi ni lipi.

Ningependa barua iishie hapo.

Jioni ile tuliwaalika kula. Nilipompa Phinées mboga ya sombe aliniuliza jina, nikasema Bénie. Mkono wake ukasimama juu ya sahani. «Bénie wa Beni? Ile aliolewa na mutu wa teatre?»

Alikuwa na Salomon, Mama. Watu walewale wenye silaha waliomshika Phinées, baadaye walimkamata na yeye mbali, ng'ambo ya Mambasa, wakawabebesha mali waliyopora. Salomon aliimba kweli, yule mwanamke hakukudanganya. Alimwambia Phinées kuhusu harusi aliyoikosa: «Nikifika tu, ile shemeji ya teatre ataniigiza mbele ya batu, shemeji mwenye kukimbia mbuzi yake ya mahari.» Walicheka pamoja chini ya mizigo. Mwishoni mwa Novemba alishikwa na homa. Asubuhi moja alishindwa kuinuka, na wale watu hawakungoja. Walimpiga risasi palepale, wakampa Phinées mzigo wake.

Phinées alipotoroka alirudi kwa njia ileile. Alimkuta. Alichimba kwa bati na mikono, akamfunika udongo na majani. Anasema hawezi kumwonyesha mtu mahali penyewe, msitu ni mmoja, na leo hakuna anayepita huko akabaki hai.

Nilimwuliza mara nyingi kama ana hakika. Alisema jina lako, Victoire, na la marehemu baba, na habari ya padri na mhubiri au mlevi.

Éphraïm ameapa hatalala tena kwa ajili ya mtu yeyote. Sisi tunakulilia wewe. Nisamehe mikono hii iliyokuandikia.

Mtoto wako


Vulamba, 16 Februari 2003

Mama,

Nakusalimu tena, hujanijibu. Kila lori linalotoka Beni namwuliza dereva. Baba mdogo alizungumza nami kwa phonie, ile redio ya wafanyabiashara, akasema hufungui mlango, husemi amekufa, husemi yuko hai, huoshi nywele. Akasema wao wataleta mgomba wauzike uani kwako ili mambo yaishe.

Nilitaka nikuletee kitu bora kuliko mgomba. Nilimwomba Éphraïm. Alilia, yeye ambaye kulia ni kazi yake na mimi najua kutofautisha. Akasema kiapo ni kiapo, alishakaribia kumnyima mama mmoja mtoto wake. Akasema tena: «Na yule ni mama mukwe wangu.» Ni kweli. Hakupi hata mkono, hali chakula mbele yako, mkikutana kwenye kijia yeye ndiye anayeingia majanini. Atawezaje kulaza kichwa mapajani mwako? Wenzake katika kundi nao wanaogopa, tangu Phinées arudi hakuna anayetaka kulala pale. Ukumbi umefungwa, panya wanacheza peke yao.

Sina cha kukupa, Mama. Niandikie hata neno moja la kunigombeza.

Bénie wako


Beni, 4 Machi 2003

Mtoto wangu Bénie,

Nakusalimu, wewe na mume wako. Mimi niko. Mgongo unauma, na mengine unayajua.

Baba zako wadogo waliuleta mgomba. Walikuwa wameuvisha shuka nyeupe, wakauweka uani, wakaniambia: mama, lia. Niliuangalia muda mrefu. Tone la maji yake lilikuwa linachafua shuka. Nikawaambia: hii ni ndizi, mimi sikuzaa ndizi. Wakakasirika, wakasema mimi ni mwanamke wa Butembo, nina kichwa kigumu. Tamar akaukatakata ule mgomba akawapa mbuzi wake.

Nimeelewa kwamba amekufa. Nilielewa ulipoandika habari ya kuimba. Mais kuelewa hakukunitoa hata chozi. Nakaa, nameza chakula, nakwenda shambani. Sitaki kuishi hivi.

Mwambie mume wako haya, umsomee kwa sauti, usipunguze neno. Kiapo chake ni cha mtu mwema. Aliapa ili asimlilie tena aliye hai. Wangu amefunikwa udongo na mtu aliyemjua, hatakuja mlangoni kudai. Namwomba alale mara moja tu, iwe ya mwisho.

Kuhusu ukwe, niliuliza wazee hapa, nao wote walisema haiwezekani. Donc nimeacha kuuliza. Nitakishika kichwa cha mkwe wangu, na kama kuna aibu itakuwa juu yangu, mimi ni mzee, itakaa muda mfupi. Nikimaliza aamke, atoke, nami nitafumba macho nisimwone akipita mbele yangu. Kesho yake tukikutana njiani aingie majanini kama mkwe wa kawaida.

Afanye mazoezi. Salomon hakulala chali kama maiti wa kwenye picha za kanisani. Alilala ubavu wa kushoto, magoti juu, kiganja chini ya shavu. Alikuwa anasaga meno usingizini, tangu mtoto, nilimpa dawa zote ikashindikana. Mume wako asage meno kidogo, polepole, mwanzoni tu. Kisha aache. Hapo nitajua la kufanya.

Phinées awepo. Nataka kuiona mikono yake.

Wewe usipike kitu, na usikimbie kunipokea ukilia barabarani. Wanasema kuna vizuizi viwili njiani na askari hawana adabu. Nimezungumza na dereva wa maharagwe, atanipandisha juu ya magunia. Fungueni ukumbi, mfagie vinyesi vya panya. Nitafika kabla ya mwezi huu kwisha.

Mama yako, na mama yake Salomon,
Victoire